Mstari wa Kumi na Saba

Kaja nayo kwa bajaji kutoka Makorora,
kaifunika kitambaa cha kufuma kama mtoto wa kliniki:
Bi Sauda Kihiyo, mweka hazina wa Kikoba cha Subira.
"Haifi wala haiponi," kasema. "Nikiiambia irudi nyuma, inagoma."

Nikaiwasha hapo mezani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Feni ikakohoa. Nikabonyeza Rejesha.
Kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kisha ikaandika kwa adabu zake zote:
Hakuna nukta ya kurejea.

Nikapitia mlango wa uani,
kidole juu ya kitufe kabla haijafumbua macho vizuri.
Jibu lile lile.
Nikachomeka diski ya nje, ile ya chelezo.
Mafaili haya hapa, yamejipanga, yana uzito, yana majina.
Mashine inayatazama kama wageni wasio na barua.

"Kila Ijumaa nikitoka kuswali nacheleza,
na kila Ijumaa inaniandikia imekamilika.
Kumbe na chuma kinasema uongo?"

Hakikusema uongo.
Kona ya chini, kwa maandishi ya sisimizi, niliona:
tarehe mosi Januari, elfu mbili na tisa, usiku.
Nje ilikuwa Juni, saa nane mchana, lami inanuka.

Nikafungua ubavu. Vumbi, buibui mkavu,
na betri ya kidonge, sawa na sarafu,
imekufa tangu masika.
Kila umeme ulipokatika, mashine ilizaliwa upya usiku uleule,
haina jana.
Nakala za Machi kwake zilikuwa habari za miaka isiyofika,
na nani amrudishe mtu pale ambapo, kwa hesabu yake, hajafika?
Ijumaa zote za baada ya hapo zikawa tarehe moja,
nakala ikiisukuma nakala kitandani,
hadi ile ya mwisho, ambayo giza liliikata katikati.

Betri mpya, elfu moja na mia tano, kwa fundi saa wa jirani.
Nikairudishia saa, siku, mwaka.
Nikabonyeza tena, kimya.
(Wanasema maji yakimwagika hayazoleki.
Mimi nalipa pango kwa kuyazoa.)

Asilimia nne.
Asilimia nne. Tukanywa chai ya tangawizi.
Asilimia nne.
Adhana ya alasiri. Sitini na moja.
Kisha daftari likafunguka: Machi, tarehe ishirini na saba.
"Miezi mitatu imeliwa," nikamwambia.
"Risiti ninazo kwenye kopo la maziwa ya unga. Nitaandika upya."

Akashuka na kidole, jina baada ya jina,
akakwama mstari wa kumi na saba.
Mwantumu Singano. Hisa nne.
Na pembeni, safu ya maoni, ambako wenzie huacha patupu:
Nimelipa na ya Machi, deni langu halibaki.

Feni tu ndiyo iliyosema.

"Huyu tulimzika Mei. Watoto walipewa chao,
mstari nikaufuta mwenyewe, kwa mkono huu.
Sasa ndiyo nifute tena?"

Katika yote niliyofundishwa chuoni, swali hilo halimo.
Nikamwonyesha: bonyeza kulia, shuka, Ficha.
Hisa zile nne tukazifanya sifuri.
Maneno tukayaacha.

Akadai chenji yake, akakunjua kitambaa.
Kabla sijazima nikatazama mara ya mwisho.
Saa sahihi. Tarehe sahihi.
Namba za ukingoni zashuka: kumi na tano, kumi na sita,
kumi na nane.